Kilwa Kisiwani: ipe siku nzima

Mkuu, umeuliza kama saa mbili zinatosha kuitembelea Kilwa Kisiwani, kile kisiwa cha pwani ya kusini mwa Tanzania chenye mji wa kale wa masultani, ukiwa njiani kwenda Mtwara, maana umeambiwa kule ni magofu tu. Nimeshafika pale zaidi ya mara moja na nakusihi uipe siku nzima. Kutoka Dar ni lami, unavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, ukifika Nangurukuru unachepuka. Lala Kilwa Masoko, mji wa bara ulio mkabala na kisiwa, asubuhi chukua kibali, kisha panda mashua.

Jambo ninalolisisitiza ni hili: omba utembezwe na mzaliwa wa kisiwani. Kile ni kijiji cha watu wanaovua, wanaolima na kulea watoto katikati ya magofu, na historia wameirithi kwa kusimuliwa. Mzee mmoja alinisimulia jinsi mgeni kutoka Shirazi alivyokinunua kisiwa kwa vitambaa vya kukizungushia chote. Kisa hicho kimo hata katika masimulizi ya kale ya Kilwa. Waakiolojia wameonyesha kuwa watu walikuwa wakiishi pale kabla ya zama za masultani, lakini ukikisikia kwa mwenyeji unaelewa wanavyojiona wao wenyewe.

Ukishuka mashuani utaanza na ngome iitwayo Gereza. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuvamia mji mwaka 1505 wakajenga ngome, ila sehemu kubwa ya unachokiona leo ni kazi ya Waomani, karne tatu baadaye. Hapo usikae sana.

Msikiti Mkuu ndipo pa kutulia. Upande wa kaskazini ndio mkongwe, na ule mpana wa kusini wenye kuba uliongezwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Simama kati ya zile nguzo utazame juu. Mawe ni ya matumbawe, chokaa nayo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo. Sultani huyo ndiye ambaye Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alimkuta mwaka 1331, akamsifu kwa ukarimu. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Utajiri wake ulitokana na dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, na sarafu yenye jina lake imeokotwa hadi Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, mbali kabisa na bahari.

Kisha tembea kwa miguu hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani huyo juu ya genge la bahari. Wengi huliacha kwa kuona mbali, na hapo ndipo wanapojinyima. Lina vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la pembe nane linaloonekana wazi mpaka leo. Mimi nililizunguka taratibu, nikaona fahari ya kuwa watu wa pwani yetu walijenga kitu cha namna hii.

Ukipita kijijini, shikamoo kwa wakubwa kwanza, picha baadaye na kwa ruhusa. Mabega na magoti yafunikwe, ni kijiji cha Waislamu. Usipande juu ya kuta wala makaburi, hata kama hakuna anayekutazama. Magofu haya yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa katika orodha ya yaliyo hatarini. Bahari inakula ufuko, mizizi inapasua kuta. Sisi wageni tusiongeze. Kama kuna mama anauza chakula, kula kwake, pesa ibaki kisiwani.

Ukiwa na siku ya pili, chagua Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu, kwa mashua, au Kilwa Kivinje kwa gari kama unapenda habari za Wajerumani na Vita vya Maji Maji. Mimi ningechagua Songo Mnara. Muulize nahodha siku moja kabla kuhusu kujaa na kupwa kwa maji, maana yakipwa utateremka mbali na kutembea kwenye matope ya mikoko. Masika, Machi hadi Mei, safari hiyo iahirishe.