Mwanangu, kuhusu meno ya mjukuu wangu

Mwanangu,

Umeniuliza kama dawa ya usingizi ni salama kwa mtoto wa miaka minne, eti daktari kasema meno sita yameoza anataka amlaze ayamalize yote siku moja. Kila nikitaka kukujibu hilo la usalama namkumbuka kaka yako.

Hiyo habari unaijua nusu. Alikuwa umri huo huo, gego moja tu, akachomwa ganzi haikushika, akaanza kurusha mateke, wakaitwa wasaidizi wawili mmoja akakamata kichwa mwingine miguu, mimi nikatolewa nje. Jino lilitoka ndio, halafu naambiwa mwanao jeuri. Jeuri! Mtoto anaumia anaitwa jeuri. Alitoka na alama za vidole mikononi, na unamjua alivyo mpaka leo na ndevu zake, jino litamuuma wiki nzima anasukutua maji ya chumvi ila kwa daktari wa meno haendi. Mimi nasema siku zote, mtoto hashikwi kwa nguvu ili atibiwe.

Kwa hiyo nikisikia nusu kaputi sishtuki kama shangazi zako. Na kwenye historia ya dawa hizi madaktari wa meno wamo tangu mwanzoni, Horace Wells, daktari wa meno Marekani, mwaka 1844 alivuta gesi ya kucheka, ile ya kupunguza maumivu, akang'olewa gego lake mwenyewe.

Lakini sisemi ni mchezo. Mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hawezi kujikohoza, chakula kikipanda kinaingia mapafuni, ndio maana wanataka tumbo tupu, kwa kawaida chakula mwisho masaa 6 kabla na maji masaa 2. Wakikupa masharti yafuate hata akilia njaa, na akiwa na mafua au kikohozi sema mapema, bora waahirishe. Mwaka 2016 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kwa watoto chini ya miaka 3, usingizi ukizidi masaa 3 au ukirudiwa rudiwa. Wako kashavuka hapo, na ndio uzuri wa kumaliza yote kwa mkupuo mmoja.

Ila tena najiuliza, yote sita lazima? Kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha, inapakwa tu, inasimamisha kuoza, pale palipooza panabaki peusi basi. Ulishaulizia? Gesi ya kucheka nayo ipo kwa mtoto anayetulia, ila huyu wetu nani atamtuliza. Na usimsikilize anayekwambia ni meno ya utoto yatadondoka, magego hayo yanakaa mpaka miaka 10 na zaidi, ateseke muda wote huo?

Kikubwa muulize nani atasimamia usingizi. Awe daktari wa usingizi aliyezoea watoto, kazi yake kuangalia pumzi na oksijeni tu, sio huyo huyo anayeziba meno.

Mimi siamui, mtoto ana mama na baba yake. Ningekuwa mimi... haya naacha. Ila mtoto hashikwi kwa nguvu, hilo siliachi.

Mkikubaliana niambie siku nije, maana wengi wakizinduka wanalia na kurusha mikono hawajui walipo, inapita yenyewe lakini sitaki uwe peke yako.

Mama