Jibu: dayati Jumatatu, kufakamia Ijumaa

Dada, kwa maelezo yako, Jumatatu hadi Alhamisi ni maji ya ndimu asubuhi, tango na yai la kuchemsha mchana, usiku hamna kitu. Ijumaa unashuka kituoni Mbagala: chipsi mayai sahani mbili, soda, ukifika nyumbani mkate nao unaisha. Jumatatu unaanza upya. Unauliza ujizuieje Ijumaa. Ijumaa iache kwanza, kosa linaanza Jumatatu asubuhi.

Mwishoni mwa 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilianza jaribio kwa wanaume 36 waliopimwa wakaonekana wazima wa mwili na akili. Kwa miezi 6 walipewa wastani wa kalori kama 1,570 kwa siku. Wakawa wanawaza chakula kutwa na kulamba sahani. Walipofunguliwa, baadhi walikula mpaka wakaugua, na njaa bado ipo. Hao hawakuwa walafi. Na wewe kwa tango na yai hata hiyo 1,570 huifikii.

Kwa hiyo kula mara tano, pengo lisizidi masaa manne. Saa 1 asubuhi chai, yai na chapati moja au vipande viwili vya kiazi kitamu. Saa 4 ndizi mbivu. Saa 7 kwa mama ntilie: wali sahani ya kawaida, maharage, mchicha, samaki. Saa 11 jioni karanga kiganja kimoja na tunda, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu foleni ikikukuta tumbo tupu unafika kituoni mikono inatetemeka. Ziweke kwenye mkoba tangu asubuhi. Saa 2 usiku ugali na mboga, ukae mezani. Wiki za mwanzo fuata saa, usisubiri njaa; baada ya miezi ya kujinyima na kufakamia, njaa na shibe huwa hazitoi taarifa sahihi.

Ukiondoa wali na ugali ukabaki na mboga mara tano, hiyo ni dayati ileile imebadilishiwa ratiba. Utafakamia tu.

Mizani, panda mara moja kwa wiki, siku ileile. Mwili huhifadhi wanga kama glaikojeni, na kila gramu hushika takriban gramu tatu za maji. Ukijinyima siku nne, maji yanatoka unashangilia kilo mbili. Ukila yanarudi, unadhani umenenepa usiku mmoja. Mafuta hayaendi kasi hiyo. Namba hizo ndizo zinazokurudisha kwenye tango.

Chipsi usizipige marufuku. Baada ya wiki mbili tatu za ratiba, kula sahani moja mchana, siku uliyokunywa chai vizuri, ukiwa na mwenzako. Usianze nazo usiku ukiwa peke yako na umechoka. Zikishazoeleka, nenda kwenye chakula kingine unachokiogopa.

Kuteleza kutakuwepo. Ukifakamia Ijumaa usiku, Jumamosi saa 1 kunywa chai yako na chapati kama kawaida, hata kama tumbo linakataa nusu yake. Ukiruka mlo "kufidia", umeshapanga kufakamia kwingine. Andika kwenye daftari saa, ulichokula, ulikuwa wapi na kilichotangulia, kalori usiandike. Mara nyingi utakuta mlo ulirukwa, au ugomvi.

Kama unajitapisha, au unatumia zile chai za kukata tumbo (nyingi ni dawa za kuharisha tu, zinatoa maji na chumvi, mafuta yanabaki palepale), usiishie hapa jukwaani. Potasiamu, moja ya chumvi za mwilini, ikishuka mapigo ya moyo huvurugika. Nenda hospitali upimwe damu, na uwaambie ukweli wote. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na tatizo hili ni la kwao pia. Na kama una kisukari unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari, ongea na daktari wako kabla ya kubadilisha saa za kula.