Namba 112 nyuma ya picha ya babu

Picha yenyewe ni ndogo kama karata. Babu amesimama mbele ya ukuta wa mabati, glavu mkononi, kaptura imemfika magotini. Nyuma, mtu ameandika kwa penseli: 112. Nyumbani tuliamini ni namba ya chumba chake kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Nakuru.

Babu alikuwa karani wa reli na bondia wa ridhaa. Nilipoanza kumsaka kwenye magazeti ya miaka ya 1960, nilitumia jina letu la mwisho. Miezi ikapotea bure. Jina hilo ni la babu mwenyewe. Baba alilibeba kwa kuwa mwanawe, nami nikalirithi. Babu alikuwa akiandikwa kwa jina la baba yake, na hilo nililipata kwa shangazi tu. Kwa hiyo kabla hujapanda matatu kwenda Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi, kaa na wazee uyaandike majina yote: la ubatizo, la ukoo, la baba, hata la utani. Halafu jiandae kuyakuta yamekosewa. Philip Waruinge, mwana ndondi wetu wa Nakuru aliyeleta shaba ya Olimpiki kutoka Mexico 1968 na fedha kutoka Munich 1972, utamkuta pia kama Waruingi, na alipoingia ndondi za kulipwa Japani akaitwa Waruinge Nakayama. Ikiwa nyota ana majina matatu, sembuse karani wa reli?

Kilichonifungulia njia ni uzani. Matokeo ya ndondi za ridhaa hupangwa kwa uzani, na enzi hizo walipima kwa pauni. Pauni 112 ni karibu kilo 51, yaani uzani wa fly. Kumbe namba ya chumba ilikuwa babu mwenyewe juu ya mizani! Uzani huo ndio uliokuwa mwepesi kuliko wote kwenye Olimpiki hadi light-fly ilipoongezwa 1968, na orodha zilianza na wepesi, basi mimi nikawa nasoma mistari ya juu tu ya kila orodha. Uzani ungeniokoa mapema na aibu moja: nilikuwa nimetuma kwenye grupu ya familia habari ya "babu" kuangushwa raundi ya pili, kumbe ni mtu mwingine mwenye jina hilo, wa welter, kilo 67. Hakuna anayeongeza kilo 16 kati ya Machi na Juni.

Mwajiri naye ni alama nzuri. Polisi, magereza, jeshi na reli walikuwa na mabondia wao, na mara nyingi gazeti liliweka timu karibu na jina. Mimi nilianza na magazeti ya Jumatatu, maana mapigano mengi yalikuwa wikendi.

Ukiambiwa mzee wenu alikwenda Olimpiki, hilo ni rahisi kupima: ripoti rasmi ziko bure mtandaoni, na Kenya ilianza kushiriki 1956, ikasusia 1976 na 1980.

Babu nilimpata kwenye mstari mmoja: herufi ya kwanza ya jina la ubatizo, jina la baba yake likiwa limepungua herufi, Reli, ameshindwa kwa pointi. Shangazi, aliyekuzwa akiambiwa baba yake hakuwahi kupigwa na mtu, aliusoma mara mbili kwenye simu yangu.

"Kwa pointi," akasema, akinirudishia simu. "Basi hawakumwangusha."