Gitaa la besi lisilo na makali: poti za kiloomu ngapi?

Swali: Ninapiga benga hapa Kisumu kwa gitaa la besi lisilotumia betri. Lina pikapu mbili (vinasa-mtetemo vya nyuzi), vidhibiti viwili vya sauti na kimoja cha toni, na poti zote (vikinzani vya kuzungusha vilivyo chini ya vidhibiti hivyo) zimeandikwa B250K, yaani kiloomu 250. Hata nikifungua toni yote, besi yangu humezwa na magitaa mengine. Fundi mmoja amenishauri niweke poti za megaomu 1 (kiloomu 1000) kote na kubadilisha kapasita, kile kijenzi cha toni kinachopunguza masafa ya juu. Je, nimsikilize?

Jibu: Ndugu msomaji, fundi wako ameona upande wa tatizo lakini amezidisha dawa. Poti haiwezi kuongeza makali, yaani masafa ya juu ya sauti, ambayo pikapu haikuyatoa. Inaweza tu kupunguza yale yanayopotea njiani. Vidhibiti vyote vikiwa vimefunguliwa kabisa, poti zako tatu huwa zimeungana sambamba mbele ya masafa ya juu, hivyo pikapu (za gitaa, si zile za kubeba mahindi) hukabili ukinzani wa takriban kiloomu 83 tu, na kadiri ukinzani huo unavyokuwa mdogo ndivyo kilele cha makali kinavyobanwa.

Kapasita iache ilipo. Toni ikiwa wazi, tofauti kati ya kapasita ya nanofaradi 47 na ya 22 haisikiki kwa urahisi, kwa sababu katika masafa ya juu kinachoamua ni poti yenyewe. Kapasita huonekana kazi yake pale unapoanza kufunga toni.

Mimi ningeanza na poti ya toni peke yake, niweke ya kiloomu 500. Ukinzani wa jumla utapanda hadi kiloomu 100, badiliko la kiasi, lakini halitaharibu namna ulivyozoea kushusha sauti. Ukitaka zaidi, badilisha na zile mbili za sauti ziwe 500, ufike takriban 167. Hapo kuna gharama: ukishusha sauti kidogo tu, poti kubwa ikishirikiana na kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya waya unaokwenda kwenye amplifaya hupoteza masafa ya juu zaidi kuliko ile ya 250. Kwa megaomu 1 kasoro hiyo huongezeka, na mikwaruzo ya vidole kwenye nyuzi husikika zaidi. Poti ya megaomu 1 inamfaa anayepiga vidhibiti vikiwa wazi daima. Kwa vidhibiti vya sauti chagua herufi A, ambayo kwa kawaida humaanisha logi (hubadilika polepole mwanzoni, kisha kwa kasi), maana sikio hufuata mwendo huo vizuri kuliko B, yaani ule wa kubadilika kwa kiwango kimoja.

Kabla ya kulehemu, pima kila poti kwa mita, kwani ile iliyoandikwa 500 inaweza kuwa 400 au 600 na bado ikahesabika nzima. Kati ya mbili zilizoko dukani, chukua iliyo juu. Pima pia kipenyo cha tundu na urefu wa shina. Na kama nyuzi zako zimekaa mwaka mzima au waya wako una mita 6 na zaidi, badilisha hivyo kwanza: waya wa namna hiyo peke yake huweza kuwa na pikofaradi 600 hivi, ambazo hakuna poti itakayoziondoa.