Wahusika wasikuponyoke katikati ya simulizi

Anayetoa simulizi ya mfululizo huandika sehemu ya 4 leo na ya 19 miezi mitatu baadaye. Msomaji aliyeipata jana anazimaliza zote kwa usiku mmoja, kwa hiyo anakumbuka kuliko mtunzi. Akikuta mama wa mhusika wako Rehema, aliyezikwa Korogwe sehemu ya 4, sasa kaburi lake liko Muheza, atauliza, na sehemu ya 4 imeshasambaa kwenye simu za watu.

Kabla ya kutoa sehemu ya kwanza, fungua daftari na kila mhusika mkuu mpe ukurasa wake. Andika mwaka wa kuzaliwa, usiandike umri. "Miaka 24" haisemi ni 24 ya lini. Ukiandika Rehema kazaliwa 1994, mengine unayahesabu: kama alianza darasa la kwanza 2001 na hakurudia darasa, kamaliza la saba 2007 na kidato cha nne 2011, basi usimweke chuo kikuu mwaka 2009. Mwaka huohuo unakulinda na mahali pia. Akienda Kigamboni 2012 kutokea Posta, Dar es Salaam, apande pantoni au azunguke Kongowe, maana daraja lilifunguliwa 2016. Futari ya 2011 iwe Agosti, maana Ramadhani ya mwaka huo iliangukia hapo.

Halafu andika nani anamwitaje nani, na nani anampa nani shikamoo. Wengi hupuuza hapa, na hapa ndipo simulizi nyingi huvunjika. Tuseme Rehema anagombea shamba la marehemu baba yake na mdogo wa baba huyo. Sehemu ya 3 anamwita baba mdogo, sehemu ya 12 anamwita mjomba. Kwa neno hilo moja mtu kahamia upande wa mama, na msomaji anajiuliza mjomba anadai nini kwenye shamba la shemeji yake. Mgogoro wote umelegea.

Jedwali la siri ndilo ningekusihi usiliruke hata kama huna muda wa mengine. Siri ziwe kwenye mistari, wahusika juu, na kila kisanduku kiwe na namba ya sehemu ambayo mtu huyo alijua. Rehema anagundua sehemu ya 9 kwamba hati ya shamba anayo baba mdogo. Hassani anaambiwa sehemu ya 14. Basi sehemu ya 11 Hassani hawezi kumtupia baba mdogo huyo neno la mafumbo kuhusu hati, hata kama mazungumzo yangenoga. Mtunzi hukosea kwa sababu yeye anajua kila kitu, na ujuzi wake humwagikia midomoni mwa wahusika. Siri tano au sita zinatosha simulizi ya sehemu 30.

Majina yasifanane. Zawadi, Zaituni na Zainabu katika sehemu moja humchanganya anayesoma kwenye simu ndani ya daladala. Anza na watu watatu au wanne; wengine waingie taratibu.

Tabia inaruhusiwa kubadilika, ila ioneshwe njia. Mwoga akimjibu bosi wake sehemu ya 20, awe ameshakataa jambo dogo sehemu ya 15, na sehemu ya 18 awe amenyamaza pale alipozoea kuomba radhi.

Weka akiba ya sehemu nane hadi kumi kabla ya kutoa ya kwanza. Tatizo la sehemu ya 3 mara nyingi huonekana unapoandika ya 9, na ukiwa na akiba bado unaweza kulirekebisha. Jaza daftari siku ileile unapomaliza sehemu. Ukiahirisha hadi wiki ijayo utajaza kwa kubahatisha.

Kosa likishatoka, kama ni rangi ya gari, sahihisha na uwaambie wasomaji kwa mstari mmoja juu ya sehemu inayofuata. Kama limegusa undugu au siri, simamisha utoaji, rudi kwenye jedwali, na usiendelee hadi ujue ni sehemu zipi zote zimeguswa.