DUI California: usisaini kabla hujaitazama hiyo nukta tano

Mkuu, kalamu weka chini. Wakili kakwambia ukiri "uzembe barabarani" badala ya DUI (kuendesha ukiwa umelewa) kwa kuwa eti hauhesabiki kama DUI ukikamatwa tena, na wewe unauliza bima itapanda kiasi gani na gari lililovutwa utalitoaje. Gari lisubiri kidogo.

Soma namba ya kifungu kwenye karatasi ya kukiri kosa. Ikiwa 23103 peke yake, huo ni uzembe mkavu, yaani usiotajwa pombe. Ikifuatwa na 23103.5, pombe imeshaingia kwenye kumbukumbu za mahakama, na kwa miaka 10 California inauhesabu kama DUI kamili. Nafuu ya leo ipo, sikatai: faini ndogo, kozi fupi. Ila ukidakwa tena, wewe ni wa kosa la pili: bila kifungo cha nje ni siku 90 hadi mwaka mmoja jela, wakati wa kwanza angeanzia saa 96. La tatu linaanzia siku 120. La nne linaweza kukuletea kifungo cha miezi 16 hadi miaka 3.

Ile miaka 10 huhesabiwa kutoka siku ya tukio hadi siku ya tukio, siyo siku ya hukumu. Kuahirisha kesi mpya ili muda upite kunamnenepesha wakili tu.

Na wale maprofesa wa nyama choma wanaosema "utaifuta baadaye kwa 1203.4", kifungu cha kufuta hukumu, wapewe maji ya kunywa. Kufuta huko husaidia ukitafuta kazi. Ukirudi na DUI nyingine, mwendesha mashtaka anaileta ileile kama kosa lililotangulia.

Kwenye karatasi hiyo ya kukiri kuna aya utatakiwa kuiwekea herufi za mwanzo za jina lako: kwamba umeonywa, ukiendesha umelewa ukaua mtu, waweza kushtakiwa kwa mauaji. Mzizi wake ni kesi ya Watson, 1981. Siku hiyo ikifika, herufi zako ndizo ushahidi kwamba hatari uliijua, na mauaji ya daraja la pili ni miaka 15 hadi maisha. Watu wanaijaza kama fomu ya laini ya simu!

Muulize wakili kwa maandishi: "Hili litahesabika kama DUI iliyotangulia?" Ndiyo au hapana. Akizungukazunguka, mwambie aombe 23103 tupu. Akinyimwa, huenda bado ukakubali, ila ukijua ulichokubali.

Gari liko yadi linatozwa kila siku. Kalitoe leo.