Hornet ya zamani hainyooki

SWALI: Nina Tamiya Hornet ya toleo la 1984, gari dogo la kuchezea linaloendeshwa kwa rimoti. Nimefunga servo mpya (mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele), lakini nikiachia usukani wa rimoti, gari bado linavuta upande. Je, servo ni mbovu?

JIBU: Mara nyingi servo haina kosa. Mtuhumiwa ni kilinda servo, kile kipande cha plastiki kinachofungwa kwenye mhimili wake ili kimeze mshtuko gurudumu likigonga jiwe. Washa gari, shika gurudumu la mbele ulitikise. Kilinda kikicheza huku mhimili umetulia, kimechoka. Tafuta cha Tamiya kilicho kigumu zaidi, chenye pete za springi za chuma. Hesabu kwanza meno ya mhimili: servo za Futaba zina 25, za Sanwa na KO 23, za Hitec 24. Ukilazimisha yasiyolingana, yatalika. Washa rimoti, kisha gari, rudisha trimu (kirekebishi kidogo cha usukani kwenye rimoti) sifuri, ndipo ukaze skrubu.

Ukibonyeza pua ya gari utaona magurudumu yakigeuka kidogo yenyewe. Usihangaike: tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu) na mkono wa sasipensheni havipandi kwa upinde mmoja. Ndivyo lilivyoundwa.